Injini za SR-71 zinaposumbua: kagua hewa kwanza, injini baadaye

Ukisikia SR-71 imesumbua injini, mara nyingi injini yenyewe haina kosa. Kosa liko mbele yake, kwenye njia ya hewa. Anayeanza kufungua injini kabla ya kuangalia hewa inafikaje anapoteza muda, na akiwa angani anaweza kupoteza ndege.

Hii ni ile ndege nyeusi ya upelelezi ya Lockheed iliyoruka mara ya kwanza Desemba 22, 1964. Jeshi la Anga la Marekani liliistaafisha mwaka 1990, kisha NASA ikaendelea kuitumia kwa utafiti hadi 1999. Leo haziruki tena, lakini hitilafu zake bado ni njia nzuri kuliko zote ya kuelewa injini ile inavyofanya kazi. Nimezipanga kwa dalili, kuanzia chini ardhini hadi kilomita 25 juu.

Mambo machache ya kushika kabla ya kuendelea. Injini ni J58 ya Pratt & Whitney, moja kila bawa. Ina kompresa ya kubana hewa yenye hatua tisa, tabaini ya hatua mbili inayozungushwa na moshi, na nyuma yake aftabena, yaani sehemu inayochoma mafuta mara ya pili ndani ya moshi. Kompresa haiwezi kupokea hewa inayokwenda kasi kuliko sauti. Ndege ikiwa Mach 3.2, yaani mara 3.2 ya mwendo wa sauti, hewa lazima ipunguzwe mwendo ndani ya mita chache tu, na hapo shinikizo linapanda karibu mara 40 na joto linafika 427°C. Kazi hiyo inafanywa na koni iliyo mdomoni pamoja na milango inayomwaga hewa ya ziada. Kwa mwendo huo, karibu asilimia 54 ya msukumo inahesabiwa kwenye njia ya hewa, 28 kwenye nozeli, yaani mdomo wa nyuma unaotoa moshi, na injini yenyewe inabaki na chini ya 18. Wapo wanaosoma takwimu hizo wakadhani injini ni pambo. La hasha. Bila injini kuendelea kumeza hewa, njia ile haiwezi kushika shinikizo hata sekunde moja.

Mafuta yanachuruzika chini ya ndege

Dalili hii huwashtua wageni kuliko zote, na ndiyo yenye wasiwasi mdogo.

Sababu ya kwanza, na ya kawaida, ni jinsi ndege ilivyoundwa. Matangi hayana mfuko wa ndani; ngozi ya ndege ndiyo ukuta wa tangi. Titani, metali ya ngozi hiyo, inatanuka angani kwa joto na kusinyaa ikirudi chini, na gundi ya kuzibia maungio inakauka na kupasuka safari baada ya safari. Sababu ya pili ni gundi iliyochakaa kupita kiasi, ambayo dawa yake ni kuikwangua na kuziba upya, kazi ndefu inayochosha. Ya tatu hutokea kwa nadra, nayo ni bomba, pampu au kiungo kinachovuja ndani ya ganda la injini.

Anza kwa kuangalia tone linatoka wapi. Kisha hesabu matone kwa dakika na ulinganishe na kiwango kinachoruhusiwa mahali hapo, maana kila eneo lina kiwango chake. Mafuta yenyewe ni JP-7, hayashiki moto hovyo: mvuke wake hauwaki mpaka yafike 60°C, na njiti ya kiberiti ikitumbukizwa ndani yake huzimika.

Hapa kuna hadithi inayorudiwa kila mahali, kwamba ndege iliruka na kujazwa mafuta angani mara moja kwa sababu yote yalikuwa yamevuja. Si kweli. Iliruka ikiwa nyepesi ili injini moja ikizima wakati wa kupaa ibaki nafasi ya kuokoa ndege, na ili matairi na breki visielemewe. Isitoshe, matangi yakijazwa pomoni angani, nafasi inayoachwa na mafuta yanayotumika hujazwa na naitrojeni badala ya hewa, ili mvuke wa mafuta yaliyopata joto usishike moto. Naitrojeni ikiisha, usivuke Mach 2.6.

Simama hapa: mafuta yanayotoka ndani ya ganda la injini, hata kidogo, hayahesabiwi matone. Injini haiwashwi mpaka fundi wa mfumo wa mafuta afungue na kuona chanzo.

Injini haiwaki

Kagua oili kwanza. Oili ya J58 ilitengenezwa kuvumilia joto la Mach 3, kwa hiyo kwenye baridi ya asubuhi huwa nzito kama samli iliyoganda. Ikiwa chini ya 30°C, ipashwe moto kabla ya jambo lingine lolote. Injini iliyozungushwa na oili nzito haijilainishi, na beringi zitakwenda kulipa baadaye.

Pili, angalia kama injini inazunguka kwa kasi ya kutosha. Gari la kuwashia la siku za mwanzo lilikuwa na injini mbili za Buick, V8, zisizo na kizuizi cha sauti, zikipeleka mhimili wima mpaka tumboni mwa J58. Lilinguruma kama mashindano ya magari, na lilipaswa kuifikisha injini kwenye mizunguko karibu 3,200 kwa dakika. Injini moja ya Buick ikikohoa, J58 haipati mwendo huo. Tatizo liko kwenye gari, ndege iache.

Tatu, angalia moto wa kijani. JP-7 ni ngumu kuwaka, kwa hiyo haiwashwi na cheche. Inawashwa na TEB, kimiminika kinacholipuka chenyewe kikigusana na hewa. Rubani akisogeza wenzo wa nguvu kutoka sifuri, TEB kidogo hupulizwa ndani na mwali wa kijani huonekana nyuma ya injini. Ukiuona na injini isiwake, tatizo ni mafuta hayafiki. Usipouona, soma kihesabio ndani ya chumba cha rubani. Kila injini huanza na mipulizo 16, na kila kuwasha injini au aftabena kunakula mmoja. Kihesabio kikiwa bado kina namba, shuku shinikizo la naitrojeni inayosukuma TEB, kisha mrija ulioziba masizi.

Simama hapa: mrija wa TEB haufunguliwi na mtu aliye karibu kwa bahati. Waliojaza kemikali hiyo walivaa mavazi ya rangi ya fedha ya kuzuia moto. Mtu asiyefunzwa kazi hiyo akae mbali kabisa.

Aftabena ya upande mmoja haiwaki

Kuchelewana kidogo ni jambo la kawaida. Aftabena mbili hazikuwaka kwa wakati mmoja, na marubani walizoea ndege kutingisha pua kushoto na kulia wakati wa kupaa. Tatizo ni pale moja inapogoma moja kwa moja.

Angalia kihesabio cha TEB kabla ya yote, hasa safari ndefu yenye kujaza mafuta mara kadhaa, kwa sababu kila baada ya kujaza ndege inapanda tena na aftabena inawashwa upya. Kisha shinikizo la mafuta. Mwisho nozeli: mitambo inayofungua na kufunga nozeli ya J58 husukumwa na mafuta yenyewe ya ndege, si oili ya haidroliki ya kawaida, kwa hiyo uvujaji upande huo unaweza kuleta dalili mbili kwa mpigo. Kama bado uko kwenye njia ya kurukia na moja haijawaka, usipae.

Karibu Mach 2, ndege inavuta upande kidogo

Injini moja imeshabadilisha hali, nyingine bado. Hewa ya kompresa ikifika joto fulani, vibapa vya mbele vya kuelekeza hewa hugeuka, na sehemu ya hewa iliyokwisha kubanwa huchukuliwa kutoka hatua ya nne ya kompresa ikapelekwa kwa mabomba sita makubwa hadi kwenye aftabena, bila kupita kwenye hatua za nyuma wala tabaini. Wazo hilo ni la Robert Abernethy wa Pratt & Whitney, na bila hilo kompresa ingesakamwa kwa mwendo huo. Pande mbili zikigeuka kwa sekunde tofauti, msukumo unatofautiana. Subiri kidogo. Ikiwa upande mmoja haugeuki kabisa, usiendelee kuongeza mwendo.

Mshindo mkubwa, ndege inatupwa upande mmoja

Hii ndiyo dalili iliyowatoa jasho marubani wote wa SR-71. Wao waliiita anstati. Kofia ngumu ya rubani inagonga kioo, pua inageuka ghafla, na kwa sekunde kadhaa mtu hajui kilichotokea.

Kilichotokea ni hiki. Ndege ikienda Mach 3, wimbi la mshtuko linakaa ndani ya njia ya hewa, nyuma kidogo ya mahali pembamba kuliko pote. Mbele yake hewa inakwenda kasi kuliko sauti, nyuma yake polepole. Mahali hapo ni pa kupimia nywele. Shinikizo la nyuma likizidi hata kidogo, wimbi linasukumwa mbele na kutapikwa nje ya mdomo. Papo hapo upande huo unapoteza msukumo, ukinzani wa hewa unaongezeka, na injini inanyimwa hewa huku bado ikipewa mafuta. Ndege inageukia upande ulioharibika.

Sababu, kuanzia ya kawaida:

1. Milango ya mbele ya kumwaga hewa imefungwa zaidi ya ratiba (mpango uliowekwa kwa kila mwendo), au koni haiko mahali inapotakiwa. Koni inaanza kurudi nyuma Mach 1.6 na hadi Mach 3.2 inakuwa imerudi sentimita 66. Kwenye mfumo wa zamani wa analogi, kompyuta ilikosea mara nyingi kuliko ilivyopaswa.
2. Ndege haikuwa imetulia: imelala upande kwenye kona, pua imeinuka, au imeingia ghafla kwenye hewa ya joto tofauti.
3. Rubani amepunguza nguvu kwa haraka, au kompresa imesakamwa. Injini ikikataa hewa, hewa haina pa kwenda ila mbele.
4. Mtambo wa haidroliki unaosogeza koni umeshindwa.

Swali la kwanza ni upande gani, na usilijibu kwa hisia za mwili. Tazama geji ya shinikizo la mdomo wa kompresa. Ina mshale wa kushoto, wa kulia, na wa tatu wenye mistari unaoonyesha shinikizo linalotakiwa kwa mwendo huo. Mshale ulioanguka chini ya ule wa mistari ndio wenye ugonjwa. Ningeruhusiwa geji moja tu kwenye ndege nzima, ningechagua hii.

Kisha acha mfumo ufanye kazi yake: koni inasukumwa mbele kabisa, milango inafunguliwa, wimbi linaingia tena, halafu vyote vinarudi taratibu kwenye ratiba. Baadaye mfumo ulibadilishwa ili pande zote mbili zifanye hivyo kwa pamoja hata kama ni moja tu iliyotapika. Ndege inapoteza mwendo kidogo, lakini haitupwi. Mfumo ukigoma, rubani ana swichi ya kufanya hivyo mwenyewe. Ikijirudia mara baada ya kurudi, fungua milango kwa mkono, weka koni mbele, punguza mwendo na ushuke. Chini ya mwendo ambao koni inaanza kurudi nyuma, tatizo hili halipo.

Kinachofanya onyo hili liwe zito ni yale yaliyotokea Januari 25, 1966. Bill Weaver, rubani wa majaribio wa Lockheed, na Jim Zwayer walikuwa wanajaribu ndege ikiwa na kitovu cha uzito kilichosogezwa nyuma kuliko kawaida. Udhibiti wa njia ya hewa ya kulia ulikuwa umeleta hitilafu, wakaushika kwa mkono. Wakiwa Mach 3.18, kwenye kona ya kulia, upande huo huo ukatapika. Ndege ikalala zaidi, pua ikainuka, na ikakatika vipande vipande. Zwayer alikufa. Weaver hakubonyeza kiti cha kujirusha. Alijikuta nje, ndani ya suti yake iliyojaa hewa, akatua kwa mwavuli New Mexico. Njia ya hewa inayoshikwa kwa mkono, kona, na uzito ulio nyuma: kila kimoja peke yake kingevumilika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kompyuta za kidijitali zilichukua nafasi ya zile za analogi, na anstati zikapungua sana. Hilo linathibitisha kwamba chuma hakikuwa tatizo tangu mwanzo. Ben Rich, aliyesimamia hesabu za njia ya hewa kabla ya kurithi kiti cha Kelly Johnson, mbunifu mkuu wa ndege hii, alikuwa ameipa njia hiyo umbo sahihi. Kilichokosekana ni akili ya haraka ya kuisimamia.

Simama hapa: ikitapika mara ya pili ndani ya kona, acha kona, nyoosha mabawa. Safari ya upelelezi imekwisha.

Joto la moshi linapanda

Uliza kwanza kama kumekuwa na anstati sekunde chache zilizopita. Hewa ikipungua na mafuta yakabaki yale yale, moshi unawaka zaidi. Likivuka 860°C, mfumo wa kinga unapunguza mafuta wenyewe, na rubani anaona injini imedhoofika. Haijafa, imejilinda. Joto likitulia, kinga inarudishwa kwa swichi.

Kama hakukuwa na anstati, kuna swichi ndogo ya kupanga joto juu au chini. Rubani alikuwa akiigusa mara kwa mara, maana joto linalofaa lilikuwa karibu sana na kikomo. Likiendelea kupanda baada ya kushusha swichi, shuku kipimo cha joto kabla ya tabaini, lakini ukiwa umeshapunguza nguvu. Usisubiri kujua nani mkweli.

Kuna joto lingine ambalo ni kikomo cha kweli cha ndege hii: la hewa inayoingia kwenye kompresa. Likifika 427°C, punguza mwendo, hata kama kila kitu kingine kinacheka. Siku ya baridi huko juu ndege ilikuwa na nafasi ya kwenda kasi zaidi, siku ya joto ilibanwa mapema.

Kila kitu kinaonekana sawa, lakini mafuta yanaisha haraka

Ndege hii inakula tani 16 hadi 20 kwa saa kwenye mwendo wake, kwa hiyo kosa dogo linaonekana upesi. Karibu kila mara jibu ni milango ya kumwaga hewa iliyo wazi kuliko inavyotakiwa. Hewa iliyokwisha kubanwa kwa gharama inatupwa nje, na ukinzani unapanda. Linganisha kushoto na kulia. Kama upande mmoja uko wazi zaidi, koni ya upande huo huenda iko mbele ya ratiba.

Kupunguza mwendo ili kuokoa mafuta, kama mtu angefanya kwenye gari, huenda kukaharibu mambo. SR-71 ilifika mbali zaidi kwa kila kilo ya mafuta ikiwa kasi na juu, na chini ya mwendo wa sauti ilikuwa mlafi. Tena mafuta ndiyo yanayopoza oili, haidroliki na hewa ya chumba cha rubani. Yakibaki machache, yanapata joto haraka. Piga simu kwa ndege ya kujaza mafuta mapema.

Injini imezima, au imepasuka

Kama imezima tu, shuka kwenye hewa nzito zaidi, acha upepo uizungushe, na jaribu TEB iliyobaki. Chunguza pia tangi linalolisha upande huo kabla ya kulaumu injini.

Ikipasuka, usiwashe tena. Juni 29, 1987, SR-71 iliyokuwa juu ya Bahari ya Baltiki ilipoteza injini ya kulia kwa mlipuko. Duane Noll na Tom Veltri walishuka, wakaingia anga ya Sweden wakiwa dhaifu, na ndege za kivita za Sweden aina ya Viggen zikawasindikiza badala ya kuwatishia. Walitua Nordholz, Ujerumani Magharibi. Marubani wa Viggen walitunukiwa nishani na Marekani mwaka 2018. Noll na Veltri waliposhuka chini ya mwendo wa sauti hawakuwa na hesabu ya kurudi nyumbani, na hawakujaribu. Kwa injini moja, uwanja wa karibu ndio wako.

Kitu kinagonga ndani ya ganda la injini

Sababu ya kawaida ni kitu kilichosahauliwa: nati, waya, kalamu. Kwenye ndege za mwanzo mafundi walitikisa maganda ya injini na kusikiliza kama kuna kinachobingirika, na ovaroli za kiwandani zilitengenezwa bila mifuko ya kifuani ili kisianguke kitu.

Sababu nyingine ni bolti yenyewe kukatika kichwa. Lockheed walihangaika na bolti za titani zilizovunjika baada ya kupashwa moto mara chache tu, mpaka wakagundua spana zilizopakwa kadimiamu, aina ya metali, ndizo zilizokuwa zikiziharibu. Spana zote za aina hiyo zikaondolewa kwenye masanduku. Ukikuta kichwa cha bolti chini ya ganda, usitafute bolti moja tu. Uliza ni spana gani imetumika eneo zima, na injini isizungushwe mpaka mkaguzi aone ndani ya kompresa.